Aliyekufundisha Kusoma Si Mimi

Atupele mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda kutafuta begi la magurudumu, na nimewaambia msiharakishe. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, saa tisa alasiri, nina hasira. Nimeanza kuosha vyombo nikaviacha. Nimeanza kukunja shuka zako nikaziacha. Nimeona heri nikuandikie kabla sijavunja kitu.

Sitakuandikia habari za koti la baridi wala kadi ya bima. Baba yako ameshakujazia hayo karatasi mbili, mbele na nyuma, pamoja na jinsi ya kupima upepo wa matairi ya gari ambalo huna. Mimi nataka tuzungumze habari ya Jumapili.

Jumapili walipokuaga kanisani kwa safari yako ya chuo, ulipewa kipaza sauti. Ukasema, kwa Kiswahili kabisa, wewe ambaye hata ukiulizwa kama unataka chai unajibu kwa Kiingereza: "Kila nilichonacho nimekipata kwenye meza ya mama yangu. Mama ndiye aliyenifundisha kusoma." Vigelegele vikapigwa. Mama Chebet, aliyetuongoza sisi akina mama tunaosomesha watoto nyumbani tangu ukiwa mdogo, akanisukuma mgongoni nisimame. Nami nikasimama! Nikanyanyua mikono yote miwili nikaipokea ile sifa, machozi yananitoka, kilemba kimekaa sawasawa, simu za watu zinanipiga picha.

Atu, ule ulikuwa uongo. Wewe unajua, mimi najua, na yuko mama mmoja Herndon anayejua. Nimekukasirikia siku nne mfululizo. Nimekuandalia chakula huku nimenuna, ukaniuliza kama naumwa, nikasema ni mguu. Hakuna mguu. Nilikuwa najiuliza huyu mtoto amepata wapi ujasiri wa kusimama madhabahuni na kunipa kitu kisicho changu.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana mambo mengine uliyaona ukiwa mdogo na ukayaona nusu.

Watu hupenda kuniuliza niliitwaje kwenye kazi hii ya kusomesha nyumbani, na mimi hujibu kwamba tuliomba, tukafunga, Bwana akafungua njia. Sikiliza ukweli. Ulikuwa na miaka mitano, uko chekechea. Mwalimu alikuweka kwenye meza ya watoto wasiojua Kiingereza, wewe uliyezaliwa hapa hapa Marekani, kwa sababu ya kuliona jina lako tu kwenye orodha. Nilipokwenda kuuliza, alinisemesha polepole kwa sauti ya juu, kama vile ninavyowasemesha wazee ninaowatunza kazini ambao masikio yamekufa. Nilifura. Nikakuondoa wiki ile ile. Kanisani walisema nimeongozwa na Roho. Roho gani? Niliongozwa na hasira, na baadaye nikamvisha Mungu hasira zangu ili zionekane na heshima.

Basi nikaagiza lile sanduku. Unalikumbuka lile sanduku? Vitabu vinang'aa, mpango wa kila siku umeshapangwa mpaka dakika, na picha ya mama wa Kimarekani juu ya kifuniko, nywele zake zimetulia, watoto wake sita wamemzunguka wote wanatabasamu. Mama yule hakuvaa sare ya kazini kama mimi. Mpango ule ulitaka mama ashinde nyumbani kutwa nzima. Mimi nilikuwa na wazee wa watu wa kuwaogesha siku tatu kwa wiki, na baba yako alikuwa anafanya shifti za usiku kwenye bohari hapa Landover, mchana analala. Nikajisemea kosa ni langu. Sikujisemea hata mara moja kwamba huenda sanduku ndilo lenye kosa.

Na ile sura ya kitabu iliyohusu wamisionari! Mpaka leo nikiikumbuka damu inachemka. Ukurasa mzima wa Afrika: nyumba ya nyasi, mtu na mkuki, mzungu amesimama na kitabu. Ukaniuliza kama Bibi anakaa humo. Bibi yako, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwenye nyumba ya matofali aliyoijenga kwa ndizi na chai, mwimbaji wa kwaya ya Moravian tangu ana miaka kumi na mbili! Unajua nilikujibu nini? Nilikwambia, "Paka rangi, tusonge mbele, tumechelewa wiki moja." Ndivyo nilivyokujibu. Ningefunga kile kitabu nikampigia Bibi simu akuonyeshe sebule yake, hilo lingekuwa somo la jiografia, la historia na la dini kwa mpigo mmoja. Lakini mpango haukuandika "pigia Bibi simu," nami nilikuwa naogopa mpango kuliko ninavyomwogopa Mungu.

Sasa nifike kwenye kusoma.

Mimi nilifundishwa kwenye darasa la watoto themanini. Mwalimu anasema, sisi tunaitikia. Anapiga fimbo ubaoni, tunaitikia tena, mpaka paa linatikisika. Hivyo ndivyo nilivyojua kufundisha, sikujua njia nyingine. Nilikuwa nakusomea mstari, unarudia. Nakushika kidole nakipitisha chini ya maneno, unarudia. Na wewe, jamani, ulikuwa na sikio! Nikisoma mara mbili, mara ya tatu unakuja nayo yote, na pale nilipovuta pumzi na wewe unavuta pumzi. Ukiwa na miaka saba ulisimama kanisani na gauni jeupe ukatoa zaburi ndefu nzima, Biblia iko wazi mbele yako, kidole kinatembea. Akina mama walilia. Mzee mmoja alikuja akaniambia mtoto huyu ni nabii. Nilivimba kichwa, mwanangu, nikashindwa hata kupita mlangoni.

Halafu kuna habari ya mafaili. Hapa Maryland, kama unavyojua, mtoto wa nyumbani lazima awe na faili la kazi zake, na mtu anakuja kulikagua. Kwetu, mkaguzi akisikika anakuja shuleni, mwalimu mkuu alitukusanya siku mbili kabla, tukanakili madaftari yote upya. Daftari la rafu linafichwa, la usafi linawekwa mezani. Tulifanya hivyo miaka yote, hakuna aliyeona ubaya. Basi nami nikafanya hivyo hivyo. Kila Alhamisi nilikuandikia kazi vizuri kwenye karatasi, unainakili. Ukikosea herufi moja nachana, unaanza tena. Zile karatasi zako za kweli, zenye herufi zilizogeuka na maneno yaliyoruka, nilizikunja nikazitupa chini kabisa ya ndoo, nikaweka maganda ya ndizi juu. Mama wa Kimarekani aliyekikagulia kikundi chetu alifungua faili lako, akasema hajawahi kuona mwandiko kama huo kwa mtoto wa miaka saba. Angeonaje kitu kingine? Ulikuwa unachora herufi kama mtu anavyochora maua. Hukujua hata moja inasema nini.

Sitaki umlaumu yule mama. Alikagua alichopewa.

Mama Espe ndiye aliyeona. Alikuwa anakaa ghorofa ya juu yetu, ametoka Bukavu, anafanya usafi hotelini wikendi, na siku zangu za kazi nilikuacha kwake. Nilimlipa akupe chakula na akuangalie. Nilijua kwamba kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alinitajia mara moja tulipokuwa kwenye ngazi, nami nikasema "Aa, kumbe," kisha nikamuonyesha zilipo nguo zako za kubadilisha. Mwalimu wa watoto wadogo miaka mingi vile, mimi nikamuonyesha soksi.

Siku moja nimerudi kazini, miguu imevimba, akaniambia nikae. Wewe ulikuwa kwenye zulia. Akasema, "Mama Atu, usikasirike. Huyu mutoto hasome. Anaimba tu."

Nikasema, "Unasemaje?"

"Hasome. Angalia."

Akachukua kipande cha karatasi, akaandika kitu kwa herufi kubwa, akakiweka mbele yako, akakuambia kwa upole umsomee mama. Wewe ukafurahi. Ukaweka kidole chini ya neno la kwanza, ukaanza zaburi yako. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kidole kinatembea vizuri, macho yako kwenye karatasi. Mimi nikainama kutazama. Pale palikuwa pameandikwa: *Kuku ya jirani imekula muchele yetu yote.*

Niliona, Atu. Usije ukadhani sikuona. Niliona kwa macho yangu mawili. Mama mwenye akili angekaa chini pale pale akasema, "Dada, tufanyeje?" Mimi nikanyakua ile karatasi, nikamwambia amekuchanganya mtoto makusudi. Nikamwambia kazi yake ni kukulisha, si kukupima. Akaanza kukutafutia viatu. Ule utulivu wake ukanizidishia hasira, ndipo nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia baba yako wala mchungaji wala mtu yeyote: "Umekimbia vita huna hata cheti, leo unanifundisha mimi kulea mwanangu?"

Hakunijibu vibaya. Natamani angenijibu. Alikufunga kamba za viatu, akanyanyuka, akasema, "Sawa, Mama Atu. Miye nimesha kusema. Mutoto iko na akili mingi, ndiyo maana anatudanganya wote." Kesho yake nikakuondoa kwake. Kanisani nikasema nimepata maono kwamba mtoto akae na wazazi wake tu. Maono!

Sasa, yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana mimi niliambiwa baadaye. Siku zangu za kazi ulibaki na baba yako, na baba yako akitoka shifti hata nyumba iungue haamki. Ulipanda juu. Mwenyewe, bila kutumwa. Ulibisha kwa Mama Espe, naye, mwanamke niliyemtukana, akakufungulia. Hakukuuliza mama yako amesemaje. Alimwaga mchele kwenye sinia la kuokea, akakuambia uandike *ma* kwa kidole, ufute, uandike *me*, ufute. Hakuna karatasi ya kuchanwa. Ukikosea unatikisa sinia, mnacheka, mnaendelea. Alikusomesha makopo ya nyanya, mfuko wa unga, jina la dawa ya meno. Kila siku alikuandikia sentensi moja ambayo hujawahi kuisikia, ya kipuuzi, ya mbuzi aliyevaa soksi, ili usiwe na pa kuikumbukia. Karibu mwaka mzima. Mimi sijui chochote, niko mezani hapa nakupitisha kidole chini ya maneno na kumshukuru Mungu.

Siku niliyogundua, niliingia nikasikia sauti yako chumbani. Umekaa pembeni ya kitanda cha baba yako unamsomea kikaratasi cha dawa zake za presha, kile cha maandishi madogo. Unakwama. Unarudi nyuma. Unavunja neno vipande vipande, unaliunganisha, unaendelea. Mtoto aliyekuwa anatiririka kama redio, leo anakwama! Nikajua papo hapo kwamba huku ndiko kusoma. Nilikukumbatia nikalia, nikapiga simu Tukuyu, nikampigia Mama Chebet, nikampigia mke wa mchungaji. Mtoto anasoma dawa za watu wazima! Ni kufundishwa nyumbani huko!

Ukaningoja nimalize simu zote. Ukaniambia kwa Kiingereza chako, umesimama pale mlangoni pa bafu, kwamba Mama Espe ndiye aliyekufundisha.

Nami nikapiga magoti mbele yako, nikakushika mabega yote mawili, nikasema, "Hilo tusimwambie mtu, sawa? Watu wakiuliza, sema ni mama."

Atu. Nimefika hapa nimeweka kalamu chini, nimesimama, nimezunguka jiko lote.

Siku nne nimenuna nikidhani umewadanganya watu kwa ajili yangu. Kumbe ulikuwa unanitii. Nilikuagiza, ukiwa na miaka minane, nawe hukuniangusha hata mara moja. Ushuhuda wa Jumapili niliutunga mimi, miaka kumi iliyopita, nimepiga magoti. Nimekukasirikia kwa kuwa mtoto mzuri. Unaona ujinga wangu unavyokwenda mbali?

Mama Espe alihama muda si mrefu baadaye, akaenda Herndon karibu na hoteli anayofanyia kazi. Siku anapakia vitu nilijifanya natoa takataka ili nisimpe mkono.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka naingia kaburini, nakwambia kweli. Lakini Jumapili, baada ya wewe kushuka, Mama Chebet akachukua kile kipaza sauti akatangaza kwamba kuanzia Jumamosi ya wiki ijayo, kule kwake Columbia, Mama Atupele atawafundisha akina mama vijana njia yake. Njia yangu! Wakapiga makofi. Na tukiwa tunakula wali, akanijia Mama Joy, yule binti wa Mbeya mwenye mtoto wa miaka sita. Akaniletea faili la mtoto kutoka kwenye gari. Safi kama kitambaa cha meza ya Bwana, Atu, hakuna doa. Halafu akamwambia Joy anitolee zaburi, na Joy akaitoa yote, kidole kinatembea. Mama mtu ananitazama machoni anasema, "Dada, nafuata nyayo zako. Kuna cha kurekebisha?"

Nilijua. Nilisikia pumzi za mtoto zinaangukia pale pale zinapoangukia za mama yake. Na nikamjibu, sahani iko mkononi, "Hapana mama, endelea hivyo hivyo."

Hilo ndilo linaloniua. Ya zamani nilikuwa mjinga na mwenye kiburi. Ya Jumapili sikuwa mjinga.

Jumatatu nimekwenda kwa Mama Joy. Nimeandika kwenye karatasi sentensi ya paka aliyelala ndani ya sufuria, nikamwomba Joy anisomee. Mtoto akatoa zaburi. Nikamwambia mama yake kila kitu, habari ya mchele, habari ya madaftari ya usafi, habari yako. Unajua alifanya nini? Alinyakua karatasi! Akaniambia kwamba sasa mwanangu ameshaingia chuo, naona wivu wa watoto wa wenzangu. Akanifungulia mlango nitoke. Nilisimama kwenye paking nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, maana nilikuwa nimetolewa nje na mimi mwenyewe.

Nikampigia Mama Chebet, nikamwambia Jumamosi sitafundisha njia yoyote, nitasema yaliyotokea. "Aki Mama Atu," akasema, "si ungoje kidogo? Watu wameguswa sana. Na vile hawa watu wa shule wanatuangalia, wanataka tu kusema hatuwezi kusomesha watoto wetu. Usituharibie ushuhuda."

Nikamuuliza ushuhuda gani unaoharibika kwa kuambiwa ukweli. Akasema nimechoka, nipumzike, mtoto anaondoka, ni kawaida. Kawaida! Nimemheshimu mama huyu miaka yote hii, kanifundisha hata kuendesha gari kwenye theluji, lakini siku hiyo nilimkatia simu. Tunaogopa shule itatuona, tunaogopa wazungu watatuona, tunaogopa kanisa litatuona, na katikati ya woga wote huo amekaa mtoto wa miaka sita anachora herufi asizozijua, na hakuna anayeogopa kwa ajili yake.

Wewe unakwenda kusomea ualimu. Sikupi masharti, utapewa na wenye ujuzi kuliko mimi. Ila nikikumbuka hii meza, naona yale niliyoyatupa ndiyo yaliyokuwa na maana. Zile karatasi chafu, ningezitia tarehe nikazitunza, ningekuona unavyokwenda, herufi gani inakutesa, wiki gani imekaa sawa. Unakumbuka tulipokuwa tunapika vitumbua vya mnada wa kanisa, ukanigawia unga nusu, na nusu ya nusu, na ukanisahihisha mimi nilipokosea? Ulikuwa na miaka tisa. Sehemu ulishazijua pale kwenye bakuli. Miezi mitatu baadaye sanduku likafika kwenye sura ya sehemu, nikakukalisha wiki mbili nzima ukajifunza tena kitu unachokijua, na ulipopiga miayo nikakuita mvivu. Kila nikipita kwenye rafu ya unga najisikia kukuomba radhi. Basi nakuomba radhi.

Na yule mzee wa ghorofa ya chini aliyekuruhusu ufungue redio yake mbovu uone yaliyomo, nikakufokea umepoteza saa ya sayansi! Ulirudi mikono ina vumbi, unataka kunisimulia, nikakwambia kanawe tufungue ukurasa wa sabini. Hujanisimulia mpaka leo. Bado nataka kujua mlikuta nini.

Imani nayo sijui nikuambie nini. Sijutii kukulea nyumbani, usinielewe vibaya. Asubuhi zetu za kuimba kabla ya uji, wewe unashika sauti ya pili hata hujaosha uso, nitazililia kuanzia kesho. Ninachojutia ni kumtumia Mungu kila nilipotaka mtu asiniulize swali. Mama Espe alisema ukweli nikatoa maono. Baba yako akauliza mbona mtoto hasomi kitabu kipya, nikamwambia aongeze maombi. Ukimsikia mtu analitaja jina la Bwana mbio mbio katikati ya maswali ya kawaida, hata kama mtu huyo ni mimi, we uliza tena.

Jumanne nilimtafuta Mama Espe. Namba yake nimeipata kwa mama wa Kikongo anayeuza sombe, kisamvu chao, kanisani kwao. Nilipiga mara mbili nikakata kabla haijaita. Ya tatu akapokea. Nikajitaja. Nikasema nataka kuja kumuona. Nikasema Atu anaondoka Ijumaa kwenda chuo. Ndipo akauliza, "Anaenda kusomea nini?" Nikamwambia ualimu. Akasema, "Mupite." Akakata. Hakusema tupite tunywe chai. Hakusema amesamehe. Sijui tutakuta nini, na sina haki ya kudai nikute kitu.

Kwa hiyo kesho, kabla hatujaishika barabara ya milimani kwenda chuoni kwenu, tutapita Herndon. Baba yako anajua kwamba tunapita kumsalimia jirani wa zamani, basi. Miaka yote hii anadhani mimi ndiye niliyekufundisha, na amewatambia wenzake bohari nzima. Nitamwambia leo mkirudi, kabla ya chakula. Atakasirika, nami nitamwacha akasirike, sitamwambia aombe.

Na Jumamosi ya wiki ijayo nitakwenda Columbia. Mama Chebet akinipa kipaza sauti au asinipe, nitasema. Mama Joy anaweza kuwepo au asiwepo. Nitarudi kwake kila wiki mpaka anichoke, na nitabeba mchele wangu mwenyewe.

Barua hii naiweka juu ya mto wako, usiipakie. Isome leo, kwa sababu ya kesho asubuhi. Nakujua wewe. Ukiona nimesimama mlangoni kwa yule mama, maneno hayatoki, utaingilia kati. Utamkumbatia, utacheka, utasema mama yangu alikuwa anakutafuta siku nyingi, na jambo litapita vizuri, na mimi nitatoka pale msafi.

Usifanye hivyo, Atu. Hata nikisimama pale nusu saa nzima, nyamaza. Miaka kumi umenisemea. Kesho niache niseme mwenyewe.

Mama yako